Mkonga wa hewa kwenye gari la porini: unalipa au urembo tu?

Masika yakikolea, dereva anayetoka Ifakara kwenda Mlimba kupitia Mngeta na Chita anajua kinachomsubiri. Ni zaidi ya kilomita 100 chini ya milima ya Udzungwa, na mvua ikipiga huko juu, kijito ulichovuka asubuhi bila shida jioni kinaweza kuwa mto. Kiangazi nacho kinaleta vumbi. Ndiyo maana wenye Land Cruiser, Patrol na Hilux wanaulizana kila mwaka: nifunge mkonga, au napoteza hela?

Jibu fupi: unalipa kama unavuka maji mara kwa mara na umefungwa vizuri. Ila usiutegemee kwa kila kitu.

Maji yanauaje injini?

Kwenye magari mengi, mdomo wa kuvuta hewa upo ndani ya boneti au nyuma ya madigadi. Maji yakifika hapo, injini inayavuta kama inavyovuta hewa. Tatizo ni kwamba hewa inabanwa, maji hayabanwi. Injini ya dizeli isiyo na turbo kama 1HZ ya Land Cruiser inabana hewa zaidi ya mara 20. Pistoni ikikutana na maji, kitu lazima kipinde, na mara nyingi ni konrodi. Hapo unazungumzia kufungua injini nzima.

Mkonga unapandisha mdomo huo hadi usawa wa paa. Kazi yake ndiyo hiyo.

Usichokikinga mkonga

Altaneta, stata na nyaya zinabaki kulekule chini. Difu na gia boksi pia. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na difu inavuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Mwambie fundi aunganishe mipira ya kupumulia na kuipandisha juu ndani ya boneti. Ni kazi ndogo, na bila hiyo mkonga ni nusu ya kazi.

Pia mkonga hauongezi uzito wa gari. Toyota inataja sentimita 70 za maji kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, kina ambacho hakifiki hata juu ya tairi. Na hayo ni maji yaliyotulia. Maji ya sentimita 60 yanayokwenda kasi yanaweza kusomba magari mengi, yakiwemo makubwa. Waliosombwa na gari lenye mkonga wapo, kwa sababu mkonga uliwapa ujasiri ambao gari halikuwa nao.

Vumbi je?

Hapa mkonga unasaidia kweli. Hewa ya juu ina vumbi pungufu kuliko ya usawa wa tairi, hasa ukiwa nyuma ya lori la mpunga. Lakini filta chafu au iliyokaa vibaya inaharibu faida yote. Kama hela ni ya kubana, anza na filta nzuri na klampu zinazokaza. Epuka filta za wazi zinazofungwa ndani ya boneti bila kasha: zinavuta hewa ya moto, na kwenye maji hazina kinga yoyote.

Nguvu? Usitarajie. Kwa mwendo wa barabara za udongo hutaona tofauti.

Pima kabla ya kumlipa fundi

Mikonga mingine ni plastiki tu iliyofungwa pembeni, haijaunganishwa sawasawa na kasha la filta. Kipimo ni rahisi: gari likiwa sailensa, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha mpira mzito, siyo kiganja. Injini inatakiwa ihangaike na kuzima. Ikiendelea kuunguruma kama kawaida, inapata hewa kwingine, na maji yatapita hapohapo. Kagua viungio, na matundu ya kutolea maji chini ya kasha la filta.

Ukifika mtoni

Usipoona chini, usiingie. Na usishuke kupima kina kwa miguu kwenye maji ya Kilombero, mamba wapo. Subiri gari jingine au maji yapungue. Ukivuka, tumia gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea, bila kubadilisha gia katikati.

Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata. Hapa ndipo wengi wanaua injini iliyokuwa bado nzima. Livutwe nje, fundi akague filta. Ikiwa imelowa, afungue nozeli, kisha azungushe injini ili maji yatoke.

Ukishavuka maji mengi, angalia oili ya difu na gia boksi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, ufunge?

Kama gari lako linabeba wagonjwa, walimu au mazao vijijini kipindi cha masika, funga, pamoja na mipira ya kupumulia. Kama unaishi Ifakara mjini na safari zako ni za lami, nunua filta na uweke akiba inayobaki. Na mwenye mkonga na asiye nao, mto ukiwa umejaa, wote wanalala upande huu.