Sikukuu za Watumishi wa Majimbo ya Marekani

Neno sikukuu limeungwa kwa maneno mawili, siku na kuu. Lakini jua huchomoza kila siku kwa namna moja. Ni wanadamu waiitao moja kuu na nyingine ya kazi. Basi yafaa kuuliza: ni nani mwenye haki ya kuiita siku kuu? Huko Marekani swali hili limeleta mashindano marefu, kwa kuwa nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, sheria zake na watumishi wake.

Sheria ya kwanza ya sikukuu za taifa ilitungwa mwaka wa 1870. Ilizitaja siku ya Mwaka Mpya, tarehe 4 Julai, Krismasi, na siku ya Shukrani itakayotangazwa na Rais; nayo iliwahusu watumishi wa serikali kuu waliokuwa katika mji wa Washington. Hata leo sikukuu ya taifa haimlazimishi gavana kufunga ofisi zake. Karani wa jimbo hupumzika kwa sheria ya jimbo lake.

Tuutazame mwezi wa Januari. Jemadari Robert E. Lee alizaliwa tarehe 19 Januari 1807, na Jemadari Thomas Jackson tarehe 21 Januari 1824. Wote wawili waliyapigania majimbo ya kusini, yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, katika vita vya mwaka 1861 hata 1865. Martin Luther King, mhubiri wa Kibaptisti aliyedai haki za watu weusi, alizaliwa tarehe 15 Januari 1929, akauawa mwaka wa 1968. Mwaka wa 1983 Rais Reagan alitia sahihi sheria ya kumfanyia King sikukuu ya taifa, Jumatatu ya tatu ya Januari, nayo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka wa 1986.

Jimbo la Virginia lilikuwa na sikukuu ya Lee tangu mwaka wa 1889, na mwaka wa 1904 jina la Jackson liliongezwa. Mwaka wa 1984 jina la King nalo likatiwa humo humo, hata wajukuu wa watumwa wakapewa siku moja ya kumkumbuka mtetezi wao pamoja na majemadari wa utumwa. Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka wa 2000 sikukuu hizo zilitenganishwa, na mwaka wa 2020 ile ya majemadari ilifutwa, badala yake ikawekwa siku ya uchaguzi.

Katika South Carolina, hata mwaka wa 2000, mtumishi wa jimbo aliachiwa kuchagua mwenyewe: apumzike siku ya King, au siku mojawapo ya zile za kuwakumbuka watu wa upande wa kusini. Hivyo kila mmoja alionekana na wenzake yuko upande gani. Mwaka ule sheria iliifanya siku ya King kuwa ya wote. Lakini sheria ile ile iliifanya pia siku ya wafu wa jeshi la kusini, tarehe 10 Mei, kuwa ya wote.

Wako wasemao kwamba kila watu wana wazee wao, na kuwaunganisha katika siku moja ni kuleta amani. Lakini ofisi ya serikali si nyumba ya ukoo mmoja. Mshahara wa karani hutoka katika kodi ya wote, na mlango ukifungwa hufungwa kwa jina la wote. Alabama na Mississippi zingali zinafunga ofisi zao Jumatatu ya tatu ya Januari kwa majina mawili, King na Lee. Karani mweusi na karani mweupe hupumzika siku moja, wala hawaadhimishi sikukuu moja.