Irabu tano za Pwani zakutana na ishirini za Kiingereza

MWALIMU anaposoma imla ya Kiingereza darasani Malindi au Kilifi, maneno "full" na "fool" huweza kusikika kama neno moja. Mwanafunzi anayeandika moja badala ya jingine hupoteza alama, ingawa masikio yake hayakumdanganya.

Chanzo ni idadi ya irabu. Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o na u. Kigiriama, ambacho ni lugha ya nyumbani kwa wengi katika Kaunti ya Kilifi, kina tano vilevile. Kiingereza sanifu cha kusini mwa Uingereza huandikwa kwa herufi tano za irabu, lakini sauti zake za irabu hukaribia 20, zikiwemo zinazoanzia kwenye sauti moja na kuishia kwenye nyingine.

Msemaji huipeleka kila sauti ngeni kwenye irabu ya lugha yake iliyo jirani nayo. Ndiyo maana "ship" na "sheep" hukutana kwenye i, nayo "cat", "cut" na "cart" hukutana kwenye a.

Maneno ya mkopo ni ushahidi wa jambo hili. Jijini London, "shirt" na "skirt" yana irabu moja. Kiswahili kilipata shati na sketi. "Nurse" ni nasi kwa Wakenya wengi, ilhali Tanzania neno lililozoeleka ni nesi. Irabu hiyo, inayotamkwa ulimi ukiwa katikati ya kinywa, haimo katika Kiswahili. Hivyo huangukia kwa a au kwa e.

Waingereza wenyewe hawatamki kwa namna moja. Mgeni wa Watamu aliyetoka kaskazini mwa Uingereza huenda akatamka "put" na "putt" sawasawa. Wengi wa watu wa Scotland hawatofautishi "pull" na "pool", jinsi ilivyo Pwani, wala hakuna awaonaye kuwa hawaijui lugha yao.

Lafudhi, basi, si dalili ya ujinga. Hata hivyo, Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili kwa mujibu wa Katiba ya 2010, nayo mitihani mingi huandikwa kwacho. Katika imla, lililo la haki ni mwalimu kulitia neno ndani ya sentensi, ili maana ikamilishe kile ambacho sauti imekiacha.