Ridhaa ya Namba 31

Usiku wa tarehe 3 Aprili 1995, jijini Seattle, Ed O'Bannon alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 17. UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, wakaifunga Arkansas 89 kwa 78 na kutwaa ubingwa wa kikapu wa vyuo vya Marekani, wa kwanza kwao tangu 1975. Tyus Edney, mchezesha timu wao, alikaa benchi muda mwingi akiuguza kifundo cha mkono. Mzigo ukamwangukia fowadi huyu wa mkono wa kushoto, naye akaubeba.

Na huyu ndiye kijana aliyechanika kano ya goti mwaka 1990, kabla hajacheza hata mechi moja ya chuo. Jeraha kama hilo limewamaliza wengi.

Hadithi nyingi za michezo zingeishia hapo: kijana kaumia, kainuka, kabeba kombe. Maisha hayakumwachia mwisho mtamu hivyo. New Jersey Nets walimchagua akiwa wa 9 mwaka huohuo, lakini NBA alidumu misimu miwili tu. Akazunguka ligi za nje, kisha akastaafu na kuuza magari eneo la Las Vegas.

Siku moja, nyumbani kwa rafiki yake, alioneshwa gemu la video la kikapu cha vyuo. Ndani yake kulikuwa na UCLA ya 1995, na fowadi mwenye upara, mkono wa kushoto, jezi namba 31. Jina halikuwepo. Ila hata mtoto aliyekuwa akicheza gemu lile alijua ni nani.

Sasa, sisi Waswahili mchezaji asiyelipwa tunamwita mchezaji wa ridhaa. Neno zuri, lakini tulipime hapa. Ridhaa ya kucheza bila mshahara O'Bannon aliitoa. Ridhaa ya sura yake kuuzwa dukani miaka mingi baadaye aliitoa lini? Nani alimuuliza? Gemu lililipiwa, na yeye hakupata hata senti.

Mwaka 2009 akaishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Utetezi wao ulikuwa uleule wa siku zote: hawa ni wanafunzi, na mashabiki wanaupenda mchezo huu kwa sababu wachezaji hawalipwi. Agosti 2014 Jaji Claudia Wilken aliamua kwamba kanuni hizo zilivunja sheria ya ushindani wa biashara. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilikubaliana naye kwa sehemu, lakini ikaondoa malipo ya hadi dola 5,000 kwa mwaka aliyoruhusu wanafunzi wawekewe. O'Bannon mwenyewe hakupewa fidia na hukumu ile.

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Mwaka 2021, katika kesi nyingine, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliishinda hoja ya NCAA, na kuanzia tarehe 1 Julai wanafunzi wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao. O'Bannon alikuwa anakaribia miaka 49.

Wanaosaini mikataba ya matangazo leo, wengi wao hawakuwa wamezaliwa usiku ule wa Seattle. Kombe la 1995 ni la UCLA. Kilicho cha O'Bannon peke yake ni lile swali, na aliliuliza wakati jibu lisingeweza tena kumlipa.