Sarah Ntiro: Mwalimu Aliyekataa Mshahara Pungufu

Mwaka 1945 Chuo cha Makerere, juu ya kilima chake jijini Kampala, kilipokea wanafunzi wanawake kwa mara ya kwanza. Walikuwa sita. Chuo kilikuwa na umri wa miaka 23, na kaulimbiu yake iliwahimiza wasomi wawe wanaume. Ikabidi itafutwe nyingine. Miongoni mwa wale sita alikuwamo Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima katika nchi ya Bunyoro, aliyezaliwa mwaka 1926 na kupitia shule ya King's College Budo.

Alitaka kusoma hisabati. Mhadhiri akakataa kufundisha maadamu kuna wanawake darasani. Hakuna aliyempa mtihani akamwona hafai. Alifungiwa mlango kwa sababu ya jinsia yake tu. Kosa lilikuwa la mwalimu, gharama akailipa mwanafunzi. Sarah akageukia historia.

Mwaka 1951 alikwenda Oxford, katika chuo cha St Anne's, na mwaka 1954 akahitimu. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, na sifa hiyo ndiyo inayorudiwa kila jina lake linapotokea. Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi alilifanya aliporudi nyumbani kufundisha.

Serikali ya kikoloni ilimlipa mwanamke mwenye shahada chini ya mwanamume mwenye shahada ile ile. Sarah aliukataa mshahara huo. Aliwaarifu wakubwa kwamba yu radhi kufundisha bure kuliko kupokea malipo pungufu, akaendelea kuingia darasani mpaka walipokubali kumlipa sawa na wanaume. Tazama busara yake. Angegoma, wangemfukuza, na wanafunzi wake wangeumia. Lakini mwalimu anayefundisha vizuri bila kulipwa, utamfukuza kwa kosa gani?

Mwaka 1958 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda, akakaa humo hadi 1961. Mwaka huo huo wa 1958 aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji mashuhuri kutoka Kilimanjaro aliyefundisha sanaa Makerere, na ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika huru mjini London. Utawala wa Idi Amin ulimlazimisha Sarah kukimbilia Kenya. Huko aliwahangaikia raia wenzake waliokuwa uhamishoni. Aliporejea aliendelea kuipigania elimu ya wasichana hadi uzeeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 wakati wa udahili. Sarah Ntiro aliishi akayaona hayo, na akafariki Oktoba 2018 akiwa na miaka 92. Wanawake waliosoma Makerere kabla ya uhuru wamebaki wachache sana. Mwenye bibi au shangazi miongoni mwao akae naye, amsikilize, aandike.