Mafuta ya Kurudisha Ujana

Oktoba 1968, nikiwa mwanafunzi, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na krimu za kuchubua ngozi. Hoja ilikuwa utamaduni na heshima ya Mwafrika. Tulibishana sana juu ya sketi, pengine kwa kuwa ndizo zilizoonekana barabarani. Habari ya krimu ikapita hivi hivi, wala sikumsikia mtu akitaja sumu.

Leo maduka ya Sumbawanga yamejaa makopo yanayoahidi kuondoa makunyanzi. Je, yanatimiza? Kwa sehemu. Upepo wa Juni na Julai hapa Ufipa hupausha ngozi na kupasua midomo. Mafuta yoyote, yawe ya nyonyo waliyopaka bibi zetu au ya mgando ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, huzuia maji yasikauke upesi katika ngozi. Mikunjo midogo hujaa, uso ukang'aa. Kesho yake imerudi. Makopo mengi ya bei kubwa hayafanyi zaidi ya hapo. Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, ilipimwa miaka ya 1980 ikaonekana kupunguza makunyanzi kiasi, lakini hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na hutaka miezi mingi.

Ubaya uko kwenye mkorogo, ambao nao huuzwa kwa jina la ujana. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini alieleza jinsi haidrokwinoni ilivyowaachia wanawake mabaka meusi ya samawati, yaani kinyume cha walichokinunua. Zebaki huharibu figo. Sheria yetu imevikataza vyote viwili katika vipodozi, lakini vingali vikiingia kwa njia za panya.

Tena, msomaji, tunaishi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu hudanganya, kwani jua la huku juu ni kali, na jua ndilo linalozeesha uso kuliko miaka. Weusi wa ngozi ni mwavuli tuliozaliwa nao. Anayeuchubua ili aonekane kijana anautupa mwavuli huo na kwenda kusimama juani.

Huko Moshi, hospitali ya KCMC hutengeneza krimu iitwayo Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ili wasipate saratani ya ngozi. Haiahidi ujana. Kazi yake ni kuzuia jua, nayo huizuia.