Mbwa Aliyepigwa Risasi: Historia Yatufundisha Nini?



Majuma machache yaliyopita, hapa kwetu Mudzipela, askari polisi wawili waliingia katika ua wa jirani wakimtafuta mtu. Hawakupiga hodi. Mbwa wa nyumba akatoka mbio akibweka, kama ilivyo kazi yake. Askari mmoja akainua bunduki, mlio ukasikika hata barabarani, mbwa akaanguka mbele ya mlango. Mtu aliyetafutwa hakuwamo, wala hakuwa wa nyumba ile. Mtoto wa miaka minane hivi akamfunika mbwa wake kwa gunia, akakaa naye mpaka jioni, chakula akakikataa.

Jumapili, baada ya Misa, watu wakalizungumza jambo hilo chini ya mwembe. Mzee mmoja akasema, “Askari akiua mbwa uani mwangu, amekwisha kuniambia kwamba hata mimi si kitu.” Kijana akamjibu, “Babu, katika Ituri hii watu wanauawa kila siku, nasi tukae kumlilia mbwa?” Naye mama mmoja mwuguzi akasema, “Je, kama mbwa yule angemwuma? Kichaa cha mbwa kikiisha kuanza, hakina dawa.” Kisha wakanigeukia mimi: “Mwalimu, wewe uliyesoma seminari, wasemaje?”

Siku ile sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta katika historia, maana ugomvi huu haukuanza Mudzipela, na kila mmoja wa wale watatu ana shahidi wake.

Tuanze na yule mzee. Wazee wetu wa mwituni walijua thamani ya mbwa. Mbwa wa Ituri na wa Uele ni mdogo, masikio yake yamesimama, mkia umejikunja, tena habweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua aliko kati ya majani. Wazungu walimpenda, wakamchukua kwao. Mwaka 1895 walionyeshwa Uingereza, lakini hawakuishi siku nyingi, wakafa kwa ugonjwa. Kuanzia mwaka 1937 ndipo walipofaulu kuwafuga huko. Na jina walilompa ni “basenji”, yaani mbwa wa washenzi. Angalieni, ndugu: neno lile lile walilotukanwa nalo wenye mbwa, ndilo aliloitwa mbwa wao. Anayemdharau mwenye mbwa atamdharau na mbwa. Ndiyo maana yule mzee, alipouona mzoga wa mbwa, aliona kwamba ametukanwa yeye.

Wala si sisi peke yetu tuliosikia uchungu huo. Ng’ambo ya bahari ya Hindi uko mji wa Bombay, ambao leo huitwa Mumbai, mji uliofanya biashara nyingi na Unguja tangu zamani. Waingereza waliokuwa wakiutawala walifanya sheria mwaka 1813 ya kuua mbwa wasio na wenyewe katika miezi ya joto, kwa kuhofia kichaa. Mwaka 1832 siku za kuua zikaongezwa, na kila aliyeua mbwa akalipwa nusu rupia. Fedha ikawatia watu tamaa. Wakaacha kutafuta mbwa wa njiani tu, wakawakamata hata mbwa wenye mabwana wao, mpaka milangoni pa watu.

Sasa, katika mji ule walikaa Waparsi, watu wa dini ya kale ya Uajemi. Kwao mbwa ana heshima kubwa, hata katika maziko, maana mbwa huletwa amtazame maiti. Tarehe 6 Juni 1832, siku iliyokuwa takatifu kwao, polisi wawili Wazungu walikuwa wakiua mbwa mjini. Watu wapata mia mbili wakawarukia na kuwapiga. Kesho yake maduka yakafungwa, na chakula cha askari wa ngome kikazuiliwa. Wahindu na Waislamu nao wakaungana na Waparsi. Serikali ikaleta jeshi, watu wakafungwa.

Lakini mambo hayakuishia katika fujo. Tajiri mmoja Mparsi, Jamsetjee Jejeebhoy, alikuwa miongoni mwa waliosema na serikali kwa niaba ya watu, kisha mwaka 1834 yeye na mwenzake Motichund Amichund wakaanzisha nyumba ya kutunzia wanyama wasio na mwenyewe. Serikali ilikuwa na haki ya kuogopa kichaa. Kosa lake lilikuwa kuwalipa watu ili waue, bila kuwauliza wenyeji na bila kutenga mbwa wa njiani na mbwa wa nyumbani. Basi yule mzee wetu hakusema upuzi.

Tumgeukie kijana. Yeye asema uhai wa mtu ni mkubwa kuliko wa mbwa. Ni kweli, wala hakuna awezaye kumpinga. Lakini na asikilize habari za jirani zetu wa Rwanda. Mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari ya Watutsi yalipoanza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikuongeza askari wake kule, bali tarehe 21 Aprili liliamua kuwapunguza wabaki 270. Waliobaki hawakupewa ruhusa ya kupigana ili kuyazuia mauaji. Maiti zikalala njiani na makanisani, na mbwa wakaanza kuzila. Ndipo mbwa walipopigwa risasi, na askari wa RPF walioiteka nchi, na askari wa Umoja wa Mataifa pia, kwa kuwa maiti zilizoliwa zilihesabiwa hatari kwa afya. Bunduki iliyonyamaza mtu alipouawa ikapata sauti kwa mbwa. Na mbwa wale wengi wao walikuwa na mabwana. Mabwana wao ndio waliokuwa wamelala njiani.

Nasi wa Bunia tunayajua mambo hayo. Mwezi wa Mei 2003 majeshi ya Uganda yalipoondoka, wanamgambo waliupigania mji, na raia mamia wakauawa. Askari wa Umoja wa Mataifa wapata 700 walikuwapo, wasiweze kuyazuia, mpaka askari wa Ulaya walipokuja mwezi wa Juni kwa azimio la tarehe 30 Mei. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka mama alivyonifunika macho tulipopita njiani, na mbwa waliozunguka bila mwenyewe. Kwa hiyo nisimwambie kijana kwamba mbwa ni sawa na mtu. Nitamwambia hivi: askari aliyezoea kufyatua bila kufikiri uani mwa raia, hatajifunza kufikiri siku atakapokuwa mbele ya mtu. Mkono ni ule ule, bunduki ni ile ile.

Amebaki mama mwuguzi, na neno lake ni zito. Kichaa cha mbwa huua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, zaidi katika Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Je, bunduki yaweza kukimaliza? Tazameni kisiwa cha Flores katika Indonesia, chenye Wakatoliki wengi. Kichaa kiliingia huko mwaka 1997 kwa mbwa walioletwa kwa mashua. Mwaka uliofuata wakaanza kuua mbwa kwa maelfu; katika wilaya ya mashariki waliua kama saba katika kila kumi. Hata hivyo mwaka 2004 ugonjwa ulikuwa ungalipo. Maana watu huwaficha mbwa wao au huwahamisha, na aliyeuliwa mbwa hutafuta mwingine, asiyechanjwa.

Kisha tazameni Pemba, kwa ndugu zetu wa pwani. Huko walichanja mbwa, na mwaka 2014 kichaa kikakoma. Mwaka 2016 kikarudi kwa mbwa wa kutoka nje, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikakoma mara ya pili. Wataalamu wasema ukichanja mbwa saba katika kila kumi, kichaa hukosa njia ya kupita. Hesabu ni ile ile, saba kwa kumi: Flores waliwaua, Pemba wangewadunga sindano.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siwezi kusema askari asimpige mbwa kamwe. Mbwa mwenye kichaa akimrukia mtoto njiani, na apigwe. Lakini mara nyingi risasi hufuata uvivu wa watu wengi: mwenye mbwa asiyemfunga wala kumchanja, serikali isiyoleta dawa, askari asiyepiga hodi. Naye mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tusimlaumu mnyama kwa malezi tuliyompa sisi.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia hayo chini ya mwembe ule ule. Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Mama mwuguzi akasema yeye yu tayari kuandika majina ya nyumba zote zenye mbwa. Kijana akanyamaza kitambo, kisha akauliza, “Na hapa Mudzipela, chanjo hiyo italetwa na nani?” Hakuna aliyejibu. Basi tukakata shauri kwamba Jumatatu watu wanne waende kwa mkubwa wa mtaa na kwa mganga wa wanyama, waulize swali hilo hilo; tena waombe askari waambiwe kupiga hodi kwanza na kumpa mwenye nyumba nafasi ya kumfunga mbwa wake. Kijana akajitaja wa kwanza. Wa pili alikuwa baba wa yule mtoto.