Mfumo wa hewa na egzosi wa pikipiki ya theluji yenye supachaja

Mfumo wa hewa na egzosi wa pikipiki ya theluji yenye supachaja ni njia yote inayopitwa na hewa tangu inapoingia kwenye boneti hadi inapotoka kama moshi: chujio, supachaja (kompresa inayozungushwa na injini), kipozahewa, silinda, bomba la egzosi na sailensa. Kuuboresha mfumo huo ni kuondoa vizuizi ili kila mzunguko wa injini upate hewa nyingi zaidi na ya baridi zaidi. Sehemu zake hutegemeana, na kupanua upande mmoja huku mwingine umebanwa huleta faida ndogo.

Usuli

Pikipiki ya theluji hutembea kwa skii mbili za mbele na mnyororo mpana wa mpira nyuma. Ilienea baada ya Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, kuanza kuuza Ski-Doo mwaka 1959. Kwa miongo mingi injini zake zilikuwa hasa za mipigo miwili. Yamaha ilileta RX-1, toleo la 2003, yenye injini ya mipigo minne, silinda nne na sentimita za ujazo 998, iliyotokana na pikipiki yake ya R1. Ikafuata Apex ya 2006 yenye injekta badala ya kabureta, kisha Nytro ya 2008 yenye silinda tatu. Injini hizi za mipigo minne ndizo zilizofungua uwanja kwa mafundi wanaofunga supachaja, hasa kwa waendeshaji wa milima mirefu ya magharibi mwa Marekani na Kanada.

Kwa nini supachaja

Katika usawa wa bahari shinikizo la angahewa ni takribani kilopaskali 101. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 hushuka hadi kilopaskali 70 hivi, na msongamano wa hewa hupungua kwa karibu robo. Nguvu ya injini ya kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Supachaja yenye uwiano wa shinikizo wa 1.5 huipandisha hewa hiyo nyepesi hadi kilopaskali 105, yaani juu kidogo ya shinikizo la pwani.

Aina ya sentrifugo ndiyo inayofaa zaidi hapa. Gurudumu lake lenye mapanga huzungushwa na injini yenyewe, na shinikizo linalotolewa hukua karibu kwa mraba wa mizunguko. Kwa hiyo hutoa msaada mdogo mizunguko ikiwa chini. Kasoro hiyo haisumbui sana kwenye theluji, kwa sababu klachi za mkanda hubadilisha uwiano zenyewe na kuiweka injini karibu na mizunguko yake yenye nguvu kubwa kila mwendeshaji anapovuta mafuta hadi mwisho.

Upande wa kuingizia hewa

Hasara inayotokea kabla ya supachaja huzidishwa nayo. Chujio na bomba jembamba vikipoteza kilopaskali 5 kwenye mlango wa supachaja yenye uwiano wa 1.5, upungufu upande wa pili huwa kilopaskali 7.5. Ndiyo sababu fundi huanza hapa: bomba pana lenye kona chache, mdomo uliofunguka kama tarumbeta, na chujio lenye eneo kubwa.

Tatizo la pekee la chombo hiki ni theluji laini. Vumbi ni haba majira ya baridi, lakini chembe za theluji huziba chujio, huyeyuka kwa joto la injini, kisha huganda tena na kuwa barafu. Matundu ya boneti hufunikwa kwa wavu mwembamba unaofukuza maji, na mdomo wa hewa huwekwa juu, karibu na usukani, mbali na theluji inayorushwa na skii. Kuvuta hewa ndani ya boneti huepusha barafu, ila hewa hiyo imeshapashwa moto na egzosi.

Kubana hewa kwenyewe huipasha moto. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ikibanwa kwa uwiano wa 1.5 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa na nyuzi 24 hivi juu ya sifuri. Kipozahewa hurudisha sehemu ya ubaridi uliopotea. Kile kinachopozwa kwa upepo huzibwa na theluji kwa urahisi. Kile cha maji hupeleka joto kwenye bamba la kupozea lililo chini ya kiti, ambalo hurushiwa theluji na mnyororo. Valvu ya kupunguza shinikizo huhitajika pia: mwendeshaji anapoachia mafuta ghafla, supachaja bado inazunguka, na hewa isiyo na pa kwenda hurudi nyuma kwa mishtuko.

Upande wa egzosi

Tofauti na turbo, supachaja haiweki turbini kwenye njia ya moshi. Gharama yake hulipwa na fitokombo, kwa hiyo egzosi inaweza kuachwa wazi. Mabomba yenye urefu unaolingana na sailensa pana hupunguza moshi unaobaki ndani ya silinda. Mabomba hayo hufungwa kitambaa au ngao ya kuzuia joto ili yasipashe moto njia ya hewa inayoingia.

Geji ya shinikizo huweza kumpotosha fundi. Inapima hewa inayosubiri kwenye manifoldi, wala si hewa iliyomezwa na injini. Egzosi ikifunguliwa, hewa hupita kwa wepesi zaidi. Sindano inaweza kushuka huku nguvu ikiongezeka.

Injini za mipigo miwili hazifuati kanuni hii. Bomba lao lililotuna hurudisha mawimbi ya shinikizo yanayozuia mchanganyiko mpya usitoroke silindani, na kulipanua ovyo huondoa nguvu.

Marekebisho na mipaka

Hewa ikiongezeka, mafuta nayo hayana budi kuongezeka. Uwiano kamili wa hewa na petroli ni 14.7 kwa 1, lakini chini ya shinikizo mafundi hulenga takribani 12 kwa 1, wakisoma kipima oksijeni kwenye egzosi. Mchanganyiko wenye mafuta machache mno huifanya injini igonge, na pistoni huweza kutoboka. Vizito vya klachi huongezwa pia, la sivyo injini itazunguka kupita kiwango.

Kelele ina kikomo. Nchini Marekani kipimo kilichozoeleka kwa mashine mpya ni desibeli 78 kutoka umbali wa mita 15 mafuta yakiwa yamevutwa hadi mwisho, na majimbo mengi hukataza kuondoa sailensa. Sheria za shirikisho kuhusu moshi, zilizoanza kutumika kwa matoleo ya 2006, hukataza pia kuharibu vifaa vya kudhibiti uchafuzi.